Kuonana na daktari ukiwa nyumbani: mwongozo kamili wa kutibiwa kwa simu na video

Mara ya kwanza nilipomsaidia mama yangu kuonana na daktari kwa video, dakika nne za mwanzo ziliishia kwenye kutafuta miwani. Ilipopatikana, daktari akauliza anatumia dawa gani ya presha. "Vile vidonge vyeupe vidogo," mama akajibu. Kopo lilikuwepo, lakini karatasi yake ilishabanduka zamani. Kisha daktari akamwomba abonyeze tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu, aseme kama panauma zaidi akivuta pumzi. Mama akanigeukia, akaninong'oneza: "Kumbe tunajipima wenyewe?"

Ndiyo, mnajipima wenyewe. Daktari aliye upande wa pili ana masikio, na mtandao ukikubali ana jicho moja lenye ukungu. Mikono hana, pua hana, kipimajoto hana. Vyote hivyo unamwazima wewe. Anayeingia kwenye simu akidhani kazi yake ni kujibu maswali tu hutoka na ushauri wa jumla ambao angeupata kwa jirani. Anayeingia akiwa tayari kuwa mikono ya daktari hutoka na uamuzi. Mwongozo huu ni wa namna ya kuwa mikono hiyo.

Kwanza kabisa: hili ni la simu, au la kukimbia?

Kuna mambo ambayo dakika kumi za kusubiri daktari ajiunge ni dakika kumi za hasara. Ukiona lolote kati ya haya, acha miadi ya mtandaoni, tafuta usafiri au gari la wagonjwa:

- Kifua kubana au kuuma, hasa maumivu yakipanda shingoni, tayani au mkononi, au yakija na jasho la baridi.
- Uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, au maneno kuvurugika ghafla. Angalia saa na uiandike, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Hospitalini watakuuliza hilo kabla ya kitu kingine.
- Kuhema kiasi cha kushindwa kumaliza sentensi, au midomo kubadilika rangi.
- Degedege, kuzimia, au kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla.
- Damu isiyokoma, kutapika damu, au choo cheusi kinachonata kama lami.
- Mjamzito anayetokwa damu nyingi, anayeumwa kichwa kikali huku macho yakiona ukungu, au aliyegundua mtoto tumboni amepunguza kucheza.
- Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi, hata kama anaonekana mchangamfu.
- Homa pamoja na shingo ngumu, au upele usiofifia ukiubonyeza kwa glasi ya kioo.

Mtu anayesema anataka kujiua, na tayari ana njia mkononi, naye yumo humu. Asiachwe peke yake hata kwa muda wa kwenda kuchukua chaja.

Upande wa pili yapo mambo ambayo simu inayamudu vizuri sana: kusomewa majibu ya vipimo, kuongezewa dawa unayoitumia siku zote, kufuatilia presha au sukari, upele, mafua, mkojo unaochoma kwa mwanamke ambaye hana homa wala maumivu ya mgongo, uzazi wa mpango, msongo wa mawazo, kukosa usingizi. Kwa mazungumzo ya afya ya akili, nimewasikia watu wakisema wanafunguka zaidi wakiwa kwenye kiti chao wenyewe, na nawaamini.

Katikati kuna kundi la tatu, na humo ndimo watu wengi hukasirika. Sikio linalouma, uvimbe kwenye titi, maumivu ya tumbo yanayohamahama: haya yanaweza kuanzia kwenye simu lakini hayamalizikii hapo, kwa sababu lazima mtu atazame ndani au aguse. Homa inayodhaniwa ni malaria ni vilevile. Hakuna daktari anayeweza kuisikia malaria kwa sauti yako; inataka tone la damu. Daktari akikwambia "nenda ukapime kwanza," hajakuzungusha. Ndivyo kazi inavyotakiwa kufanywa.

Video, sauti au maandishi?

Watu hudhani video ndiyo bora daima. Si kweli. Mtandao ukiwa dhaifu, video inayokatika kila sekunde tano inaharibu hata yale maneno ambayo yangesikika vizuri kwenye simu ya kawaida. Historia yenyewe iko upande wa waya wa simu: mwaka 1905 Willem Einthoven, huko Leiden nchini Uholanzi, alipitisha mapigo ya moyo ya wagonjwa kwenye waya wa simu kutoka hospitali hadi maabara yake, umbali wa kama kilomita 1.5, akayachora huko. Hakuhitaji picha ya mtu yeyote.

Chagua video kama kuna kitu cha kutazama: ngozi, mtoto mdogo, namna mtu anavyopumua au kutembea. Chagua sauti kwa mazungumzo marefu na kwa majibu ya vipimo. Maandishi ni mazuri kwa swali moja fupi, na ni mabaya kwa ugonjwa mpya, kwa sababu daktari hasikii kikohozi chako wala hasikii unavyositasita unapoulizwa kuhusu pombe.

Hakikisha ni daktari

Kabla ya kulipa, uliza jina kamili na namba ya usajili. Mabaraza mengi ya madaktari huweka orodha ya waliosajiliwa mtandaoni, na kutafuta jina huchukua dakika mbili. Daktari halisi hachukizwi na swali hilo. Mwenye kukasirika, mwenye kuahidi tiba ya uhakika kabla hajauliza hata umri wako, au mwenye dawa yake mwenyewe ya kukuuzia, achana naye. Na hakuna mashauriano yoyote duniani yanayohitaji namba ya siri ya akaunti yako au ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yako.

Karatasi moja, iliyoandikwa jana yake

Hapa ndipo ushindi ulipo. Muda wa miadi hizi huwa mfupi, na mgonjwa aliyeshtuka hukumbuka mambo kwa mpangilio mbaya: huanza na alichokula, hufika kwenye tatizo dakika ya mwisho, mkono ukiwa tayari kwenye kitufe cha kukata simu. Andika. Karatasi ya mama yangu kwa miadi ya pili ilikuwa hivi:

"Kikohozi, siku ya 9. Kilianza kikavu, tangu juzi kina makohozi meupe mepesi. Usiku kinazidi, analala akiegemea mito miwili, zamani mmoja. Joto kwapani: jana saa 2 usiku 37.2, leo saa 1 asubuhi 36.9. Pumzi 22 kwa dakika akiwa ametulia. Presha 148/86, kisha 144/84. Dawa: amlodipini mg 10 asubuhi, iliongezwa kutoka mg 5 wiki sita zilizopita. Parasetamoli mg 500 kidonge 1 akiumwa kichwa. Penisilini ilimvimbisha midomo. Tunataka kujua: ni mafua tu? Aende hospitali?"

Tazama kilichokosekana humo: jina la ugonjwa. Sikuandika "nimonia" wala "pumu", ingawa nilikuwa nimeshajihukumia nimonia moyoni. Ukimwambia daktari "ana nimonia," unamlazimisha kwanza akubomoe wewe ndipo aanze kujenga lake. Mpe unachokiona, unachokisikia na unachokipima. Hitimisho mwachie. Kama una hofu maalumu, kwa mfano dada yako alianza na dalili hizihizi ikawa saratani, hiyo iseme waziwazi na uiite hofu.

Kwenye dawa, andika jina la dawa yenyewe lililo kwa maandishi madogo chini ya lile jina kubwa la biashara, pamoja na kipimo chake. Jumuisha mitishamba, vitamini, sindano za uzazi wa mpango, matone ya macho na zile dawa za mafua za kujinunulia. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na mtu anayezinywa pamoja na parasetamoli ya kawaida huvuka kikomo bila kujua. Kwa mtu mzima mwenye afya kikomo cha kawaida ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Kama mgonjwa ni mtoto, pima uzito wake siku hiyohiyo, kwa sababu dozi nyingi za watoto hukokotolewa kwa kilo. Huna mizani ya watoto? Panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa.

Aleji, andika pamoja na kilichotokea. "Ilinivimbisha midomo" na "ilinichafua tumbo" ni mambo mawili tofauti kabisa. La kwanza linaifuta dawa hiyo na ndugu zake. La pili huenda lisiwe aleji kamwe.

Kupima bila kudanganya

Kipimo kibaya ni afadhali kisiwepo, kwa sababu daktari atakiamini. Nitakaa hapa kidogo.

Presha ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mgonjwa akojoe kwanza, akae kimya dakika 5 mgongo umeegemea, nyayo ziguse sakafu, asikunje nne. Mkono uwe mezani, usawa wa moyo, mkanda wa mashine uvaliwe kwenye ngozi tupu, si juu ya shati. Nusu saa kabla, kahawa na sigara ziwe mbali. Wakati mashine inapiga, hakuna kuongea, wala wewe msimamizi usimuulize kitu. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, andika zote mbili, usichague ile nzuri. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo, kwa hiyo kama unabana kupita kiasi mwambie daktari. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa kuanzia 135/85 huhesabiwa kuwa wa juu. Kliniki hutumia 140/90 kwa kuwa wengi hupanda kidogo wakimwona mhudumu. Ukipata 180/120 au zaidi, pumzika dakika 5, rudia. Ikibaki hapo na kuna maumivu ya kifua, kuhema, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja, hilo si la simu tena.

Pumzi hazihitaji mashine, zinahitaji saa na uvumilivu. Hesabu kifua kikipanda kwa dakika nzima, si sekunde 15 mara nne. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Usimwambie kuwa unamhesabia pumzi, maana ataanza kupumua kwa makusudi. Mshike kifundo cha mkono kama unayepima mapigo, macho yako yawe kifuani. Mtoto mhesabie akiwa hajalia wala hanyonyi, nguo imefunuliwa hadi tumboni. Shirika la Afya Duniani huita pumzi za mtoto kuwa za haraka zikifika 60 kwa dakika kwa wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Angalia pia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa. Ukiona hivyo, nenda hospitali.

Joto, taja namba na mahali ulipopimia. Kwapani husoma chini kidogo kuliko mdomoni. "Anachemka" si kipimo, japo ukiwa huna kipimajoto ni bora kuliko kunyamaza. Sema umemgusa kifuani au mgongoni, si kwenye viganja.

Kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni ni kizuri ukikijua tabia yake. Kidole kikiwa cha baridi au kina rangi ya kucha, kifaa hudanganya. Subiri namba itulie, angalau nusu dakika. Kawaida ni 95 hadi 100. Na hili wenye ngozi nyeusi tulijue: mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa vifaa hivi mara nyingine humsomea mtu mweusi oksijeni ya kutosha wakati damu yake imepungukiwa. Kwa hiyo hata 96 ya mtu anayehema isikutulize. Mwamini anayehema, kifaa kifuate.

Kama huna kifaa chochote, bado una vipimo. Anaweza kupanda ngazi anazopanda kila siku? Amekojoa mara ngapi tangu asubuhi, na mkojo una rangi gani? Mtoto amenyonya kama kawaida, nusu, au amekataa? Haya madaktari huyathamini kuliko watu wanavyodhani.

Picha za ngozi

Piga mchana, karibu na dirisha, mwanga ukitokea nyuma ya mpigaji. Zima mwanga wa kamera, kwa sababu unaua rangi na kuacha mng'ao. Piga ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya mwili, kisha ya karibu yenye sarafu au rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Gusa skrini palipo na kidonda ili kamera ilenge hapo. Tuma kabla ya miadi, maana picha tulivu huwa safi kuliko video.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani; huonekana weusi zaidi, zambarau, au hakuna kitu. Kwa hiyo ongeza maneno: pana joto kuliko upande wa pili? Pamevimba, pamekuwa pagumu, panang'aa? Upungufu wa damu utazame ndani ya kope la chini na kwenye viganja. Umanjano utazame kwenye weupe wa jicho, mchana, si chini ya taa ya njano. Nilishawahi kujitia hofu ya siku nzima kwa sababu ya balbu.

Vitu vinavyokuja na kuondoka, kama kutetemeka, kukodoa macho, mlio wa ajabu wakati mtoto anapumua usingizini, virekodi vinapotokea. Havitajitokeza kwa heshima ya miadi.

Chumba na simu

Hapa ni haraka. Chaji ijae, bando la kutosha, programu iwe imesakinishwa na kujaribiwa jana yake. Simu iegemezwe kwenye kitu, si kushikwa, kwa kuwa mikono yako itahitajika. Dirisha liwe mbele ya mgonjwa, si mgongoni kwake, la sivyo daktari anaona kivuli tu. Zima redio. Weka karibu miwani, karatasi, kalamu, makopo yote ya dawa, tochi na glasi ya maji. Nguo iwe ya kufunguka kirahisi.

Ndani ya simu

Sekunde za kwanza: jina la mgonjwa, umri, wewe ni nani kwake, uko mahali gani (mkizidiwa katikati ya mazungumzo daktari ajue pa kuelekeza msaada), na namba ya kupigiwa mtandao ukikatika. Kubalianeni nani atampigia mwenzake. Bila hivyo mtapigiana wote wawili, kila mmoja akikuta simu inatumika.

Kisha sema tatizo kwa sentensi mbili, nyamaza. Mwache aulize. Kama mgonjwa anaweza kuongea, mwache aongee mwenyewe. Wewe ongeza mwishoni. Mimi hapa nilikosea sana mwanzoni. Nilikuwa namjibia mama kila kitu, hadi daktari mmoja akaniambia kwa upole kwamba anataka kusikia pumzi zake anapoongea.

Baadaye huja sehemu ya mikono. Daktari anaweza kukuomba umulike koo kwa tochi, umtembeze mgonjwa kwa visigino, umwombe ashushe kidevu hadi kifuani, ubonyeze kigimbi, ubonyeze ukucha uone weupe unaondoka ndani ya sekunde 2 au unachelewa. Fanya taratibu, na useme unachokuta bila kukipamba. Ukiwa hukuelewa, sema hukuelewa.

Siku ile ya kikohozi, daktari alisoma karatasi yetu, akayapita makohozi, akaja kusimama kwenye mito miwili. Akauliza miguu ikoje. Sikuwa nimeitazama. Akaniambia nibonyeze kwa dole gumba mbele ya mfupa wa ugoko, juu kidogo ya kifundo, nihesabu hadi kumi, niachie. Kishimo kikabaki pale, kina umbo la kidole changu, kikawa kinajaa polepole kama unga wa ngano uliokandwa. Akauliza na miguu ya mtu mwingine pale nyumbani, akimaanisha yangu: nikajibonyeza, hapakubaki kitu. Ndipo akasema kuna washukiwa wawili. Moyo unaoshindwa kusukuma vizuri huleta kikohozi cha usiku, mito ya kuongeza na miguu ya kuvimba. Lakini amlodipini nayo, hasa dozi ikipanda, huvimbisha miguu ya watu ambao moyo wao hauna tatizo. "Kwa simu siwezi kuwatenganisha hawa wawili," akasema, akaandika rufaa ya kwenda kusikilizwa kifua, kupigwa picha na kupimwa umeme wa moyo siku hiyohiyo.

Lau tungesema tena "vile vidonge vyeupe vidogo," mshukiwa wa pili asingetajwa.

Usikate kabla hujapata haya matano

Anadhani ni nini, na ni nini kingine kinachowezekana? Nifanye nini leo? Nitegemee nafuu lini? Nikiona nini nisisubiri? Na nikimhitaji tena, nampataje? La nne ndilo zito. "Ikizidi njoo" halitoshi. Omba akutajie dalili kwa jina na muda kwa saa. Kisha mrudie kwa maneno yako ulichoelewa. Ukikosea atakurekebisha hapohapo.

Dozi isomwe mara mbili. Kiswahili chetu kina mtego hapa: "kila saa nane" wengine husikia saa nane ya mchana, kila siku, kidonge kimoja. Mwombe aseme "kila baada ya saa 8, mara tatu kwa siku", halafu mpange pamoja saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Uliza kama ni kabla au baada ya kula, ni kwa siku ngapi, na ufanye nini ukisahau dozi moja. Cheti cha dawa kiwe na jina la daktari, namba yake ya usajili, tarehe na jina la mgonjwa, la sivyo mfamasia makini atakirudisha. Usishangae akikataa kuandika dawa kali za maumivu au za usingizi kwa mtu asiyemfahamu, au akikunyima antibiotiki kwa mafua. Mafua husababishwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi.

Siri na watu wa nyumbani

Tatizo la kuonana na daktari nyumbani ni kwamba nyumbani kuna watu. Uliza mwanzoni nani yuko upande wake, na umwambie nani yuko upande wako. Vaa spika za masikioni, ili nusu ya mazungumzo ibaki kwako. Kama huwezi kuongea waziwazi, mwambie tu: "Naomba uniulize maswali ya ndiyo na hapana." Daktari mzoefu ataelewa, hasa kama kinachokuleta ni hofu ya mtu aliye chumba cha pili. Unaweza pia kufanya miadi ukiwa ndani ya gari lililoegeshwa au ukitembea.

Picha za sehemu za siri usizitume kabla hujaombwa, na ukiombwa uliza zinahifadhiwa wapi na kama kuna njia nyingine, kwa mfano kuonwa ana kwa ana. Uso usionekane humo. Ukishatuma, zifute kwenye simu, na kumbuka simu nyingi hujihifadhia nakala mtandaoni zenyewe. Simu inayotumiwa na familia nzima si mahali pa majibu ya vipimo vyako. Ukitaka kurekodi mazungumzo, omba ruhusa. Yeye naye akitaka kurekodi, lazima akuombe.

Baada ya kukata

Andika ndani ya dakika kumi, kabla hujaanza kumsimulia mtu, maana ukishasimulia unakumbuka simulizi badala ya maneno. Weka tarehe, jina la daktari, alichosema, dawa na saa zake, na dalili za hatari ulizotajiwa. Kama kuna rufaa, nenda na karatasi ileile ya mwanzo. Sisi ilituokolea maswali ya nusu saa mapokezi. Ukipata dalili mpya au dawa ikikudhuru, rudi kwa daktari huyohuyo ikiwezekana, si kwa mpya ambaye utamwanzishia hadithi upya. Na kama muda wa nafuu aliokutajia umepita bila nafuu, piga simu siku hiyo, hata kama hali haijawa mbaya zaidi.

Karatasi ya mama ya kikohozi kile bado iko kwenye mlango wa kabati la dawa. Mstari wa amlodipini umekatwa kwa wino wa bluu. Pembeni pana jina la dawa nyingine, tarehe, na chini yake mwandiko wa mama mwenyewe, akiwa amevaa miwani: "miguu imeshuka, mto mmoja."